Nani Anazilipa Saa za Dereva wa Lori?

Dereva wa lori la masafa marefu nchini Marekani kwa kawaida hulipwa kwa maili. Mkataba wake hutaja senti kadhaa kwa kila maili anayokwenda, na mwisho wa wiki maili hizo hujumlishwa na kuzidishwa kwa senti alizoahidiwa. Magurudumu yakisimama, malipo nayo husimama. Yawe yamesimamishwa na theluji kwenye nyanda za juu za Wyoming, na ajali iliyoziba barabara kuu, na foleni ya kupakia ghalani au na karani aliyepoteza karatasi za mzigo, mkataba hautofautishi. Madereva wa mjini, wale wanaosambaza bidhaa na kurudi nyumbani jioni, wengi wao hulipwa kwa saa kama wafanyakazi wa kiwandani. Ipi kati ya njia hizi mbili ni ya haki ni jambo ambalo Wamarekani wamelibishania kwa miongo mingi, katika vyama vya wafanyakazi, mahakamani na katika Kongresi. Linaihusu Afrika Mashariki pia, na si kwa sababu tu wahamiaji wengi waliotoka huku wanaendesha malori kule. Malipo ya tripu yanayotawala katika barabara za kutoka Mombasa na Dar es Salaam yamejengwa juu ya msingi uleule wa maili.

Asili ya malipo ya maili si vigumu kuieleza. Dereva hufanya kazi peke yake, mbali na macho ya msimamizi. Miaka ya 1930, lori likishaondoka Chicago kuelekea Denver, hakuna mtu ofisini aliyeweza kujua kama dereva yuko kwenye usukani au amelala chini ya mti. Maili zilihesabika kwenye ramani bila ubishi. Mwenye mzigo naye alitozwa kwa kufuata umbali, kwa hiyo kumlipa dereva kwa kipimo hichohicho kuliifanya kampuni ijue gharama zake tangu siku ya kuukubali mzigo. Dereva hodari aliiona faida yake: aliyeijua njia, aliyelitunza gari na kuepuka mizunguko isiyo na sababu alipata zaidi ya mzembe. Hoja hizi si za kupuuzwa. Wapo madereva wazoefu ambao hadi leo wanaitetea maili kwa moyo wote, hasa wanaopita njia ndefu za Magharibi ambako miji ni michache na gari likishashika barabara halisimami ovyo.

Sheria nayo iliipa maili nafasi yake. Mwaka 1935 Kongresi iliwaweka wasafirishaji wa barabarani chini ya tume ya serikali kuu iliyosimamia biashara baina ya majimbo, na tume hiyo ikapewa mamlaka ya kuweka ukomo wa saa za udereva kwa ajili ya usalama. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1938, ikaja sheria kubwa ya kazi ya zama za Rais Franklin Roosevelt, iliyoweka kima cha chini cha mshahara na kuamuru kwamba saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Madereva waliachwa nje ya kipengele cha saa za ziada, kwa maelezo kwamba saa zao tayari zilikuwa na msimamizi mwingine. Msamaha huo haujafutwa mpaka leo. Fundi wa kiwandani akivuka saa 40 kwa wiki, kila saa inayofuata humgharimu mwajiri nusu zaidi. Dereva anayefikisha saa 70 hamgharimu mwajiri wake chochote cha ziada kisheria, na kama analipwa kwa maili, saa alizokaa amesimama hazimgharimu hata senti moja.

Kwa muda mrefu pengo hilo lilizibwa na mikataba ya pamoja. Chama cha wafanyakazi cha Teamsters, chini ya rais wake Jimmy Hoffa, kilifanikiwa mwaka 1964 kuunganisha mikataba ya nchi nzima kuwa mkataba mmoja uliowahusu wafanyakazi zaidi ya 400,000 wa usafirishaji. Katika mkataba huo dereva wa masafa marefu alilipwa maili kwa muda wa kuendesha, na saa kwa muda wa kusubiri, kuharibikiwa na gari, kupakia au kushusha. Jambo hili husahauliwa na wengi wanaoitetea maili kama desturi ya kale. Maili ya kale ilikuwa na mwenzake. Ilipima sehemu ya kazi inayopimika kwa umbali, na sehemu iliyobaki ikapimwa kwa saa.

Mwenzake huyo aliondoka baada ya 1980. Tarehe 1 Julai mwaka huo Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyolegeza udhibiti wa biashara ya malori. Kampuni mpya zikaingia kwa wingi, nauli za mizigo zikashuka, na kampuni nyingi zilizokuwa na mikataba ya chama zikafungwa au zikapoteza biashara kwa zile zisizo na chama. Walaji walifaidika kwa bei nafuu. Mlipaji wa unafuu huo, kwa sehemu kubwa, alikuwa dereva. Michael Belzer, aliyekuwa dereva wa lori kabla ya kuwa mwanauchumi wa chuo kikuu, alionyesha katika kitabu chake Sweatshops on Wheels cha mwaka 2000 kwamba thamani halisi ya mapato ya madereva ilishuka kwa karibu asilimia 30 kati ya 1977 na 1995. Malipo ya kusubiri yalikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa, kwa sababu yalikuwa rahisi kukatwa: kiwango cha senti kwa maili kilibaki kwenye tangazo la kazi, na mwombaji kazi hakuona kilichokosekana mpaka alipokuwa barabarani.

Mfano wa hesabu unaonyesha kinachotokea. Dereva analipwa senti 60 kwa maili. Katika siku njema anatumia saa moja kukagua gari na kujaza karatasi, saa mbili kupakia, kisha saa tisa barabarani, na anamaliza maili 500. Amepata dola 300 kwa saa 12 za kazi, yaani dola 25 kwa saa. Kesho yake ghala linamkalisha saa saba badala ya mbili. Muda uliosalia kisheria unamtosha kwenda maili 300. Amekuwa kazini saa 13 na nusu na amepata dola 180, sawa na dola 13 na senti 33 kwa saa. Hakuzembea wala hakupotea njia. Ujira wake umepungua kwa karibu nusu kwa sababu ya uamuzi wa mtu mwingine, katika ghala ambalo si lake, juu ya mzigo ambao si wake. Sheria ya serikali kuu haioni kosa hapo, kwa kuwa kima cha chini, ambacho kimebaki dola 7.25 kwa saa tangu 2009, hupimwa kwa kugawanya jumla ya malipo ya wiki kwa jumla ya saa. Siku njema zinaificha siku mbaya.

Hata maili yenyewe si lazima iwe ile iliyosomwa kwenye dashibodi. Kampuni nyingi zimezoea kulipa kwa maili za kitabu, zilizokokotolewa tangu zamani kwa ajili ya wahamishaji wa samani za nyumbani: njia fupi kabisa kati ya eneo moja la posta na jingine. Njia hiyo inaweza kupita kwenye daraja lisilobeba lori au katikati ya mtaa ambao tela la futi 53 haliwezi kukata kona. Dereva anazunguka kwa sababu hana budi, na maili za mzunguko anaziendesha bure. Kwa mwaka mzima si haba.

Lakini ubaya mkubwa wa malipo ya maili hauko kwenye dola zinazokosekana. Uko katika namna yanavyozidhoofisha kanuni za usalama. Kanuni za Marekani zinamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11, ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Na kampuni inayofanya kazi siku zote za wiki haiwezi kumwacha aendelee kuendesha baada ya kufikisha saa 70 za kazi katika siku nane. Tangu Januari 2004, kwa kawaida saa 14 hizo hazisimami kwa sababu dereva anasubiri ghalani. Zinaendelea kukatika huku lori limeegeshwa. Dereva aliyepoteza saa tano kwenye foleni anaingia barabarani akiwa na saa chache za kuzitafutia maili zake zote, na kila dakika ya mwendo wa taratibu inatoka mfukoni mwake. Anayeombwa apunguze kasi kwenye mvua anaombwa kukubali hasara.

Kuna jingine lililojificha zaidi. Kusubiri ghalani ni kazi kwa mujibu wa kanuni, maadamu dereva anawajibika kwa gari na mzigo na hajaachiliwa kufanya mambo yake. Saa hizo zilipaswa kuandikwa kuwa za kazi na kuhesabiwa katika zile 70. Ila dereva wa maili akiziandika hivyo anapata hasara mara mbili: hazilipwi, na zinakula saa ambazo angeziendesha na kulipwa. Kwa hiyo huziandika kuwa mapumziko. Anaamka alfajiri, anasubiri mchana kutwa akiwa macho, anasikiliza redio ya ghala isimwite na kumpita, na kumbukumbu rasmi inasema alikuwa amelala. Baadaye anaendesha usiku, na karatasi zinaonyesha mtu aliyepumzika vya kutosha. Tangu Desemba 2017 malori mengi ya Marekani yamelazimika kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachorekodi mwendo wa gari, na vijitabu vya kalamu vilivyoghushiwa vimepungua. Hata hivyo, kifaa kinajua tu gari linapotembea. Likisimama, dereva mwenyewe ndiye anayebonyeza kuonyesha kama yuko kazini au anapumzika, na mkataba wa maili unampa kila sababu ya kubonyeza penye uongo. Ukomo wa saa ambao serikali imeuweka kwa ajili ya watu wote barabarani unategemea ukweli wa mtu anayeadhibiwa kwa kusema kweli.

Kiasi cha kusubiri huko si kidogo. Mwaka 2018 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilikadiria kwamba ucheleweshaji kwenye maghala hupunguza mapato ya madereva wa kampuni zinazosafirisha mizigo ya lori zima kwa dola bilioni 1.1 hadi 1.3 kila mwaka. Ofisi hiyo ilikadiria pia kwamba muda wa wastani wa kukaa ghalani ukiongezeka kwa dakika 15 tu, kiwango cha ajali kinachotarajiwa hupanda kwa asilimia 6.2. Desturi ya biashara huwapa wenye maghala saa mbili za bure. Baada ya hapo msafirishaji anaweza kudai fidia, akiwa na nguvu ya kuidai. Na ikilipwa, huingia kwanza kwenye akaunti ya kampuni. Kinachomfikia dereva hutegemea hisani au mkataba.

Hapa ndipo uzito wote wa suala ulipo. Saa ya kusubiri ina gharama hata ikiwa haimo kwenye hati ya malipo. Kinachobadilika ni nani anaibeba. Mwenye ghala ana uwezo wa kuajiri wapakiaji zaidi, kufungua mlango mwingine, kupanga miadi na kuiheshimu. Kampuni ya malori ina uwezo wa kumtoza, au kuacha kupeleka gari kwake. Dereva hana uwezo wowote kati ya huo. Malipo ya maili humtwisha gharama mtu pekee katika mnyororo mzima asiyeweza kuipunguza, na wanaoweza kuipunguza hupewa muda wake bure. Kitu cha bure hutumiwa ovyo.

Kuhusu uhusiano wa ujira na ajali, ushahidi unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Adam Smith aliona tangu 1776 kwamba wafanyakazi wanaolipwa kwa kipande, wakilipwa vizuri, hujichosha mpaka kuharibu afya zao. Kwa malori, mfano unaotajwa zaidi ni wa kampuni ya J.B. Hunt, ambayo mwaka 1997 ilipandisha ujira wa madereva wake kwa zaidi ya theluthi moja. Belzer na wenzake walipochambua kumbukumbu za kampuni hiyo walikuta madereva wakikaa kazini muda mrefu zaidi na ajali zikipungua sana. Ila J.B. Hunt iliendelea kulipa kwa maili; kilichobadilika ni kiwango na aina ya madereva waliovutiwa nacho. Mfano huo unaashiria kwamba ujira mzuri huokoa maisha, bila kutenganisha maili na saa. Taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani ziliombwa kulichunguza suala hilo, na ripoti yao ya mwaka 2024 ilieleza kwamba takwimu zilizopo hazitoshi kupima athari ya njia ya malipo peke yake. Sababu mojawapo ni kwamba kampuni hazitangazi hadharani zinavyolipa. Anayeshinda kwa ukimya wa takwimu hana haraka ya kuzitoa.

Madereva wenyewe wametoa jibu lao kwa miguu. Kwa miaka mingi takwimu za umoja wa wasafirishaji wa Marekani zilionyesha kwamba kampuni kubwa za masafa marefu hupoteza na kuajiri upya madereva kwa kiwango kinachokaribia asilimia 90 ya nafasi zao kwa mwaka, na katika baadhi ya miaka kuzidi. Katika kampuni zinazokusanya vifurushi vya wateja wengi kwenye lori moja, ambako malipo ya saa na mikataba ya chama yamesalia zaidi na dereva hulala kwake mara nyingi, kiwango hicho ni kidogo sana. Umoja huohuo umelalamika mara kwa mara kuhusu uhaba wa madereva. Uhaba wa watu wenye leseni na uhaba wa watu waliokubali kubaki ni mambo mawili, na la pili linatibika kwa mkataba.

Mahakama zimeingia pale wabunge walipositasita. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya California, katika shauri la wafanyakazi waliokuwa wakitunza nguzo za umeme, iliamua kwamba kima cha chini cha jimbo hilo lazima kilipwe kwa kila saa ya kazi, na kwamba saa nono haiwezi kufidia saa isiyolipwa. Hoja hiyo ikahamia kwenye malori. Mwaka 2016 juri la California liliwapa madereva zaidi ya 800 wa Walmart dola zaidi ya milioni 54, hasa kwa ajili ya ukaguzi wa gari, mapumziko mafupi na muda wa kulala njiani waliotakiwa kubaki chini ya maelekezo ya kampuni bila kulipwa ipasavyo. Januari 2020 mahakama ya rufani ya serikali kuu ikaithibitisha hukumu hiyo. Tangu Januari 2016 sheria ya California inawataka waajiri wanaolipa kwa kipande, maili ikiwemo, walipe kando muda wa mapumziko na muda usiozalisha kipande. Jimbo la Washington lilikwenda njia nyingine: mwaka 2019 mahakama yake ya juu iliamua kwamba sheria ya jimbo hailazimishi malipo ya kila saa nje ya maili, mradi wastani wa wiki unafika. Na Desemba 2023 mahakama ya rufani ya serikali kuu mjini Boston iliamua kwamba dereva wa timu ya watu wawili anayelazimika kukaa kwenye kitanda cha lori zaidi ya saa nane kwa siku, wakati mwenzake anaendesha, yuko kazini kwa saa zinazozidi nane. Dereva yuleyule, akivuka mpaka wa jimbo, anahama kutoka haki moja kwenda nyingine.

Katika Kongresi, muswada wa kufuta msamaha wa 1938 uliwasilishwa mwaka 2022 na ukarudi tena 2023 ukiungwa mkono na wabunge wa vyama vyote viwili. Mara zote mbili haukupitishwa. Wapinzani wake, umoja wa wasafirishaji ukiwa mbele, walisema utapandisha gharama za kila bidhaa inayobebwa na lori.

Hoja ya gharama inastahili kujibiwa kwa hesabu. Taasisi ya utafiti ya wasafirishaji wenyewe ilikadiria kwamba mwaka 2023 kuliendesha lori maili moja kuligharimu dola 2.27, na ujira wa dereva ulikuwa karibu senti 78 kati ya hizo, zaidi kidogo ya theluthi. Kulipa saa za kusubiri kungeongeza sehemu hiyo mwanzoni. Kisha wanaosababisha kusubiri wangeanza kuona ankara, na wengi wangegundua kwamba mlango mmoja wa ziada wa ghala ni nafuu kuliko kuwalipa madereva kumi waliosimama uani. Hoja ya pili, kwamba dereva wa saa ataburuza gari makusudi, ilikuwa na nguvu zamani. Leo lori lina satelaiti, kamera na kifaa cha kumbukumbu. Ofisi inajua kasi yake, mahali lilipo na dakika ya kuwasili. Sababu iliyoizaa maili, yaani dereva asiyeonekana, imekwisha kabisa. Kwa wamiliki wanaoendesha malori yao wenyewe jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa hao si waajiriwa na sheria za malipo ya saa haziwagusi. Kwao suala ni nauli ya mzigo.

Ulaya iliamua mapema. Kanuni namba 561 ya mwaka 2006 ya Umoja wa Ulaya, ambayo inaruhusu kwa kawaida saa tisa za kuendesha kwa siku na kulazimisha mapumziko ya dakika 45 baada ya saa nne na nusu, inakataza malipo yanayofungamana na umbali au uzito wa mzigo ikiwa yanahatarisha usalama barabarani. Sharti hilo la mwisho limeacha mwanya, lakini mwelekeo uko wazi, na wasafirishaji wa Ulaya hawajaacha kubeba mizigo kwa sababu hiyo. Australia ilijaribu kugusa nauli zenyewe. Baraza maalumu lililoundwa kwa sheria ya 2012 lilitoa amri ya kima cha chini kwa madereva wenye malori yao, kwa kilomita na kwa saa. Amri ilipoanza kutumika Aprili 2016, wengi wao walipinga kwa hofu kwamba wenye mizigo watahamia kampuni kubwa zisizoguswa na amri hiyo, na Bunge likalivunja baraza mwezi huohuo. Kosa lilikuwa kumpandishia bei mmoja na kumwacha mshindani wake. Mwaka 2024 Bunge la nchi hiyo liliirejesha kazi ya kuweka viwango vya usafirishaji wa barabarani mikononi mwa tume yake ya kazi.

Afrika Mashariki haitumii maili kwa sura ya Marekani. Dereva wa masafa marefu mara nyingi ana mshahara wa mwezi usio mkubwa, na juu yake posho ya safari, ambayo Kenya wengi huiita mileji. Posho hukadiriwa kwa safari nzima, kutoka bandarini mpaka mzigo ushushwe Kampala, Kigali, Lusaka au Lubumbashi. Kutoka Mombasa hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Tunduma vivyo hivyo. Umbali huo lori huweza kuumaliza kwa siku chache. Foleni ya mpakani ndiyo isiyokadirika. Januari 2022, madereva walipogomea vipimo vya lazima vya korona vya kuingia Uganda, malori yalijipanga kwa makumi ya kilomita upande wa Kenya, na mafuta yakapanda bei Uganda. Msongamano wa aina hiyo, mdogo au mkubwa, unafahamika kwa kila aliyepita mpaka wa Tunduma au wa Kasumbalesa. Vituo vya pamoja vya mpakani, kikiwemo cha Tunduma na Nakonde kilichofunguliwa 2019, vimepunguza hatua za ukaguzi bila kuifuta foleni.

Kila siku ya ziada hula kutoka kwenye posho ileile. Dereva na utingo wake hununua chakula, maji ya kuoga na maegesho, na dereva hawezi kuliacha gari, kwani shehena ikiibwa yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Huyo ni mlinzi wa usiku asiye na mshahara wa ulinzi. Posho ikikauka, vishawishi vinavyojulikana na kila mwenye lori hujitokeza: kunyonya mafuta na kuyauza, kupakia abiria, au kukesha usukani baada ya kuvuka ili kufidia siku zilizopotea. Wenye magari hulaumu tabia. Tabia ipo, lakini imelishwa na mkataba unaolipa safari kana kwamba foleni si sehemu yake.

Ulinganisho mmoja unatosha kuonyesha upotofu wa mpango huu. Kontena likicheleweshwa, kampuni ya meli hutoza kwa siku. Mzigo ukikaa bandarini kupita muda, bandari hutoza kwa siku. Karibu kila kitu katika safari hiyo kina bei ya kusubiri, isipokuwa binadamu anayekilinda.

Sheria za kuanzia zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inaweka saa tisa kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada mara moja na nusu. Sheria ya Trafiki ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Kilichokosekana ni kumbukumbu ya saa zenyewe. Madereva wa Tanzania waliogoma Aprili na Mei 2015 walikuwa bado wanadai mikataba ya maandishi. Na kumbukumbu haihitaji mtambo mpya. Mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda hufuatilia mizigo ya kupita kwa kufuli za kielektroniki zinazoonyesha lori lilipo, lilisimama wapi na kwa muda gani. Takwimu hizo zinalinda kodi. Zinaweza kuulinda ujira pia.

Mkataba wa haki hauhitaji kuifuta maili wala tripu. Unahitaji kuilipa saa ya kazi kwanza: kuendesha, kukagua, kupakia, kushusha na kusogea kwenye foleni; kuweka kiwango cha siku kwa dereva anayebaki na gari lililoegeshwa kwa amri ya wengine; kisha kuiacha maili iwe nyongeza ya kumtuza aliye hodari. Gharama ya kusubiri iandikwe kwenye ankara ya mwenye mzigo, kwa jina lake. Vyama vya madereva vya Kenya na Tanzania, pamoja na wizara za kazi na uchukuzi, vianze na hatua iliyo karibu: dereva apewe nakala ya saa alizosimamishwa, kila safari, na nakala hiyo ikubaliwe kuwa ushahidi wa madai ya ujira.